Shughuli za Jua na Athari Zake Duniani

Mtahiniwa, katika mada hii alama nyingi hupotea kwa kuchanganya mambo mawili: yale yanayosababishwa na shughuli za Jua na yale yasiyosababishwa nazo.

Maana: Shughuli za Jua ni mabadiliko yanayoletwa na usumaku wa Jua, kama vile madoa, milipuko na mawingu ya gesi yenye chaji yanayotupwa angani. Huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa wastani wa miaka 11.

Uchunguzi: Usilitazame Jua kwa macho, kioo chenye masizi wala filamu ya eksirei, unaweza kupofuka. Pamoja na mwalimu wako, elekezeni darubini ya macho mawili kwenye Jua bila kuchungulia. Zibeni upande mmoja, kisha pokeeni taswira kwenye karatasi nyeupe. Choreni madoa kila siku. Yatahama, kwa kuwa Jua hujizungusha.

Athari:
(a) Redio: Eksirei za mlipuko hufika kwa dakika 8 hivi. Ionosfea ya upande wenye mchana hufyonza mawimbi mafupi na matangazo hufifia.
(b) Setilaiti: Ionosfea ikivurugika, vipimo vya GPS hukosea. Mpima ardhi wa Mpanda anaweza kupata mipaka isiyo sahihi.
(c) Umeme: Wingu la gesi hufika baada ya siku 1 hadi 3 hivi na kutikisa uga sumaku wa Dunia. Tarehe 13 Machi 1989, jimbo la Quebec, Kanada, lilikosa umeme kwa muda wa saa 9 hivi; watu wapatao milioni 6 waliathirika.

Epuka kosa hili: "Katavi huwa na joto mwezi Oktoba kwa sababu ya madoa ya Jua." Si kweli. Mpanda ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, hivyo mwanzoni mwa Oktoba Jua la adhuhuri huwa utosini, na mvua hazijaanza. Katika mzunguko mzima, nishati ya Jua hubadilika kwa takribani asilimia 0.1 tu. Mto Katuma kupungua maji wakati wa kiangazi hakutokani na madoa.

Jipime: Mlipuko wa Jua umetokea Mpanda ikiwa saa 6 mchana. Kwa nini mawimbi mafupi hayafifii upande wa Dunia wenye usiku?

Jibu: Eksirei husafiri kwa mstari mnyoofu, na Dunia yenyewe huukinga upande wenye usiku.