Matangazo na Ilani katika Magazeti ya Miji Midogo ya Marekani ya Zamani

Utangulizi

Mtu anayesoma gazeti kuukuu kwa ajili ya historia hukimbilia habari za vita, za wafalme na za mabunge. Matangazo huyapita, kama apepetaye nafaka na kuyaacha makapi yachukuliwe na upepo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, kwa magazeti ya miji midogo ya Marekani tangu mwanzo wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, mambo yalikuwa kinyume. Habari za London na Paris zilinakiliwa kutoka magazeti mengine, nazo ziliwafikia wasomaji zikiwa zimechakaa kwa majuma au hata miezi. Matangazo, kwa upande wake, yaliandikwa na wenyeji, juu ya wenyeji, kwa ajili ya wenyeji. Anayetaka kujua mji ule uliishi vipi, uliogopa nini na ulimdhulumu nani, sharti aanzie hapo.

Tangazo ni nini?

Katika Kiswahili neno tangazo linatokana na kitenzi kutangaa, yaani kuenea na kujulikana kwa watu wote. Neno hilo moja hubeba maana mbili: kumjulisha mtu jambo, na kumshawishi anunue. Pale inapobidi kutenganisha, tunayo pia ilani na taarifa, ambayo yana asili ya Kiarabu na harufu ya ofisi na sheria. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Wamarekani wa karne ya 18 nao hawakutenganisha maana hizo mbili. Neno lao la tangazo lilimaanisha kwanza kujulisha tu. Kwa hiyo nyumba inayouzwa, ng'ombe aliyepotea, marehemu mwenye madeni na mtwana aliyetoroka waliwekwa katika safu moja, kwa herufi za ukubwa mmoja, bila mpaka. Mchanganyiko huo, ambao leo unatushtua, ndio utakaotuongoza katika maelezo yafuatayo.

Gazeti na mpiga chapa wake

Gazeti la kwanza katika makoloni ya Kiingereza lilitolewa Boston tarehe 25 Septemba 1690, likapigwa marufuku na serikali baada ya toleo moja tu. Lililodumu ni Boston News-Letter, lililoanzishwa tarehe 24 Aprili 1704 na mkuu wa posta John Campbell. Katika toleo lake la kwanza Campbell aliwaalika watu walete matangazo ya nyumba, mashamba, vyombo vya bahari na bidhaa, pamoja na ya watumishi waliotoroka na vitu vilivyoibwa au kupotea. Bei ilikuwa kati ya peni 12 na shilingi 5. Tuangalie vizuri mwaliko huo: tangu siku ya kwanza mtu aliyetoroka aliorodheshwa pamoja na mali.

Baadaye mashine za kupigia chapa zilitoka katika bandari kubwa zikaingia bara. Isaiah Thomas aliihamisha Massachusetts Spy kutoka Boston hadi mji mdogo wa Worcester mwaka 1775, vita vya uhuru vilipokuwa vinaanza. Mwaka 1786 Pittsburgh ilipata gazeti lake, Pittsburgh Gazette, la kwanza kuchapwa magharibi ya milima ya Allegheny. Mwaka uliofuata, 1787, John Bradford alianzisha Kentucky Gazette katika mji wa Lexington. Sheria ya posta ya mwaka 1792 ilisaidia sana uenezi huo. Gazeti lilisafirishwa kwa senti 1 tu hadi maili 100 na kwa senti 1 na nusu kupita hapo, na wapiga chapa waliruhusiwa kupelekeana magazeti bure, wapate habari za kunakili.

Gazeti la namna hiyo kwa kawaida lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa kuwa kurasa 4, likitolewa mara moja kwa juma. Mpiga chapa ndiye aliyekuwa mhariri, mwenye duka la vitabu na, mara nyingi, mkuu wa posta. Ada za wasomaji zilichelewa kulipwa, au hazikulipwa kabisa. Ndiyo sababu wapiga chapa wengi walitangaza katika magazeti yao wenyewe kwamba wangepokea ngano, kuni, siagi au nyama badala ya fedha. Walitangaza pia kununua matambara safi ya pamba na kitani, maana karatasi ya zama hizo ilitengenezwa kwa matambara, nao akina mama wakahimizwa wasiyatupe. Hivyo shati kuukuu la mkulima liliweza kumrudia mlangoni likiwa gazeti.

Katika hali hiyo, tangazo lilikuwa riziki. Mwanzoni mwa karne ya 19 bei ya kawaida ilikuwa kama dola 1 kwa tangazo la mraba mmoja litakalotolewa mara tatu, na nyongeza ndogo kwa kila toleo lililofuata. Herufi zikishapangwa, mpiga chapa hakuzitawanya bali alizihifadhi kwa majuma mengi. Serikali ya Uingereza nayo ilijua thamani ya tangazo. Sheria ya stempu ya mwaka 1765 ilidai ushuru wa shilingi 2 kwa kila tangazo, na wapiga chapa wakawa miongoni mwa wapinzani wake wakali hadi ilipofutwa mwaka 1766.

Aina za matangazo

Kundi la kwanza ni la biashara. Mwenye duka hakusifu bidhaa zake kwa maneno mengi. Aliziorodhesha tu: chai, sukari, misumari, vitambaa, baruti, vitabu vya sala. Palipokuwa na sifa nyingi ni katika dawa za chupa, ambazo zilidaiwa kutibu kikohozi, minyoo na udhaifu wa mishipa kwa pamoja.

Kundi la pili ni la sheria na utawala: mashamba yanayouzwa na sherifu kwa ajili ya deni, wasii wa marehemu anayewaita wadai na wadaiwa, mnyama asiye na mwenyewe aliyeokotwa na ambaye alama za masikio yake zilitajwa kwa makini. Hapa pia ndipo ilipochapwa orodha ya majina ya watu ambao barua zao zilisubiri posta. Mtu aliweza kufahamu kwa njia ya gazeti kwamba kuna aliyemkumbuka mbali.

Kundi la tatu ni la ndoa zilizovunjika. Mume alitangaza kwamba mkewe ameondoka nyumbani na kwamba yeye hatalipa deni lolote atakalolifanya. Ukali wa ilani hizo haukutokana na hasira tu, bali na sheria. Mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali yake mwenyewe mbele ya mahakama, na mumewe alihesabiwa kuwa mdaiwa kwa mahitaji yake. Kwa hiyo ilani ilimfungia mwanamke milango ya maduka yote ya mji. Hata hivyo, wako wake waliojibu katika gazeti lilelile, wakieleza vipigo na ulevi, au wakisema kwa kejeli kwamba mume huyo hakuwa na mali ya kumfanya mtu amkopeshe. Katika jamii ambamo mwanamke kwa kawaida hakupiga kura wala hakuhubiri, majibu hayo ni miongoni mwa sauti chache za wake wa kawaida zilizochapwa wakiwa hai.

Watoro

Kundi la nne ndilo zito kuliko yote. Mtoro aliweza kuwa mwanagenzi mzungu aliyefungwa kwa mkataba. Benjamin Franklin alipomtoroka kaka yake James huko Boston mwaka 1723, James alitangaza gazetini kwamba anahitaji kijana mwingine wa kujifunza kazi. Mwaka 1824 fundi cherehani wa Raleigh, katika North Carolina, aliahidi zawadi ya dola 10 kwa atakayewarudisha vijana wake wawili, mmoja wao akiwa Andrew Johnson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1865.

Lakini kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa utoro haukuwa na mwisho wa namna hiyo. Mwaka 1769 Thomas Jefferson alitangaza katika Virginia Gazette, iliyochapwa katika mji mdogo wa Williamsburg, kwamba mtumwa wake Sandy, fundi viatu wa umri wa miaka kama 35, ametoroka na farasi na vifaa vya kazi. Miaka saba baadaye Jefferson huyohuyo aliandika Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Mwaka 1804 Andrew Jackson, naye rais wa baadaye, aliahidi katika gazeti la Tennessee dola 50 kwa atakayemkamata mtoro wake, na dola 10 zaidi kwa kila viboko mia atakavyopigwa, hadi mia tatu.

Muundo wa tangazo la mtoro haukubadilika sana kwa zaidi ya miaka mia moja. Juu palikuwa na picha ndogo ya kuchongwa kwenye ubao: mtu anayetembea, fimbo begani, furushi nyuma. Picha ile ile ilitumika kwa kila mtoro, kana kwamba wote ni mmoja. Kisha yalifuata jina, umri, kimo, rangi, mavazi, makovu, ufundi, namna ya kusema, mahali anapodhaniwa kuelekea, na mwisho zawadi.

Hapa msomaji wa Kongo ana sababu ya kusimama kidogo. Katika South Carolina, ambako South-Carolina Gazette ilianza mwaka 1732, sehemu kubwa ya Waafrika walioletwa katika miaka hiyo walitoka pwani za Kongo na Angola, na matangazo yalitaja nchi ya asili kama sehemu ya wasifu. Yalitaja chale za usoni, meno yaliyochongwa, na kama mtu anajua Kiingereza vizuri, kidogo, au hajui kabisa. Mwenye mtumwa aliandika hayo ili amkamate. Sisi tunayasoma kama kumbukumbu ya lugha na desturi za watu ambao majina yao ya nyumbani yalikwisha kufutwa.

Hii ndiyo hitilafu kubwa iliyomo ndani ya matangazo hayo. Ili mtoro atambulike, bwana alilazimika kukiri kwamba ni mtu: kwamba ni fundi, anajua kusoma, ni msemaji hodari, ana mke shamba la jirani na huenda amekwenda kumwona. Sheria ilimwita mali, lakini tangazo lilimweleza kama mtu mwenye akili na mapenzi.

Kimya kilichojibu

Kimya kikuu kina mshindo mkuu. Mwezi Mei 1796, magazeti ya Philadelphia yalitangaza kwamba Ona Judge, kijakazi wa nyumba ya Rais George Washington, ametoroka. Zawadi ilikuwa dola 10, na mwandishi alidai kwamba hapakuwa na sababu yoyote ya kuondoka kwake. Kwa karibu miaka 50 neno hilo la upande mmoja lilisimama bila jibu. Ndipo mwaka 1845 gazeti moja la New Hampshire, alikokuwa akiishi katika umaskini, likachapa maelezo yake mwenyewe: kwamba alitaka kuwa huru. Alifariki mwaka 1848, na hakurudishwa kamwe.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, waliokuwa watumwa waliichukua sanaa ya tangazo na kuigeuza. Katika Christian Recorder, gazeti la kanisa la watu weusi lililochapwa Philadelphia, walitangaza wakitafuta mama, watoto na ndugu waliouzwa mbali. Tangu mwaka 1877 gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilikuwa na safu maalum ya namna hiyo, na wachungaji waliombwa kuisoma mimbarini kwa ajili ya wasiojua kusoma. Vipengele ni vilevile: jina, umri, alama, bwana wa zamani, mahali alipoonekana mwisho. Lakini aliyeandika sasa ni mwingine, na aliyetafutwa hakutafutwa ili afungwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangazo la mji mdogo lilikuwa riziki ya mpiga chapa, chombo cha sheria, mahakama ya wanandoa na mtego wa watoro. Tumeona pia kwamba umbo moja la maandishi laweza kutumikia dhuluma na upendo, kwa kutegemea mkono ulioshika kalamu. Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo ni kwamba maandishi yaliyo mafupi na ya kawaida yasidharauliwe. Ilani zilizobandikwa sokoni, kanisani na kwenye milango ya shule zetu huandikwa leo na huoshwa na mvua kesho. Atakayezikusanya, akaziandikia tarehe na mahali, atawaachia watakaokuja baada yetu ushahidi ambao vitabu vikubwa havitakuwa nao.