Samadi ya Zizi: Faida Yake na Hatari Yake

Katika nchi kavu za Kenya, mfugaji mzoefu huweza kutambua mahali palipokuwa na zizi zamani, hata kama miiba ya boma imekwisha kuliwa na mchwa. Mvua inyeshapo, majani huota hapo kwa wingi kuliko kando yake, na ng'ombe hupapenda. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba kusini-magharibi mwa Kenya, mahali ambapo wafugaji wa kale walilaza mifugo yao kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, udongo ungali na rutuba kupita udongo wa jirani.

Sababu moja kubwa ya rutuba hiyo ni naitrojeni. Naitrojeni haina rangi wala harufu, nayo ni sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa. Mimea haiwezi kuitwaa moja kwa moja kutoka hewani, huipata udongoni. Ng'ombe naye huipata katika majani anayoyala mchana kutwa malishoni, kisha usiku huiacha zizini katika mkojo na mavi. Hivyo naitrojeni ya eneo kubwa la malisho hukusanywa mahali padogo, usiku baada ya usiku.

Ikizidi kiasi ambacho mimea yaweza kutumia, haikai kimya. Vijidudu vya udongoni, visivyoonekana kwa macho, huigeuza kuwa chumvi iitwayo naitreti, ambayo huyeyuka upesi na kuteremka chini pamoja na maji ya mvua. Mahali penye unyevu pasipopenya hewa vizuri, vijidudu vingine huigeuza naitreti kuwa gesi iitwayo naitrasi oksaidi, ikapanda juu. Gesi hiyo hudumu angani zaidi ya miaka 100. Kilo moja yake hupasha dunia joto kiasi cha mara 273 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa.

Jambo hili lilipimwa katika kituo cha utafiti cha Kapiti, Machakos. Ili kupima gesi ya udongo, vyombo vyenye vifuniko huwekwa juu ya ardhi, na hewa iliyomo hunyonywa kwa sindano ikapimwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: mazizi yaliyohamwa yalikuwa yakiendelea kutoa gesi hiyo hata baada ya miaka 40 hivi. Wataalamu walikadiria kwamba mazizi ya namna hiyo hutoa kiasi cha sehemu 5 katika kila 100 za naitrasi oksaidi yote itokanayo na shughuli za watu barani Afrika.

Vipimo hivyo havikufanywa Biliqo, lakini kanuni ni ile ile, na Biliqo, katika kaunti ya Isiolo, ni nchi ya wafugaji wa Kiborana. Kandokando ya mto Ewaso Nyiro, ambao wao huuita Waso, imo misitu ya mikoche na migunga, na wakati wa kiangazi mifugo hukusanyika huko kutafuta maji na kivuli. Yafaa ieleweke kwamba msitu nao waweza kushiba. Katika misitu mingi ya tambarare za nchi za joto zenye mvua nyingi, naitrojeni si haba. Kinachopungua zaidi ni fosforasi. Ikiongezwa naitrojeni juu ya hiyo, haikuzi miti. Hupotea kwa maji na kwa hewa, ikichukua pamoja nayo chokaa na chumvi nyingine njema, na udongo hugeuka kuwa mchachu.

Hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi na mwanadamu ni ile ya kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi, mtoto mchanga, hasa aliye chini ya miezi 6 anayenyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji hayo, huweza kupata ugonjwa ambao damu yake hushindwa kuchukua hewa ya uhai, na midomo yake huwa ya rangi ya buluu. Maji hayo huonekana safi, wala hayana ladha ya kumwonya mtu. Tena kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, naitreti hubaki.

Kwa hiyo zizi lisijengwe mahali ambapo maji yake ya mvua hutiririkia kisimani, wala kisima kipya kisichimbwe penye zizi la zamani. Mabirika ya kunyweshea yawe mbali kidogo na mdomo wa kisima, ili mkojo na mavi visirudi chini. Samadi ikusanywayo itandazwe shambani, si kurundikwa mahali pamoja. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama, na maji ya kisima kinachotiliwa shaka yapelekwe kupimwa.

Waborana wana desturi ya aba herega, mzee asimamiaye zamu za kunywesha mifugo kisimani. Desturi hiyo hulinda kiasi cha maji; yaweza pia kulinda usafi wake. Samadi ni mali, lakini kama mali nyingine zote, yataka kuwekwa mahali pake.