Unakwea mgrevilea au mparachichi? Chagua vizuri kamba ndogo ya kubana

Leo siongelei mbolea. Naongelea roho yako ukiwa juu.

Huku Rangwi mashamba mengi yana migrevilea ya kivuli na miparachichi ya kienyeji iliyozidi mapaa ya nyumba. Kupogoa na kuvuna tunawalipa vijana, au tunakwea wenyewe. Siku hizi wengine wameshaona video, wana mkanda wa kiunoni na kamba kubwa nzuri. Tatizo ni ile kamba ndogo. Mtu anatumia pesa yote kwenye kamba kubwa, halafu fundo anafunga kwa kipande cha manila kilichobaki kwenye kufungia mzigo wa kabichi.

Kamba ndogo inafanya nini?

Unaizungusha kwenye kamba kubwa mara tatu au zaidi, kisha unaiunga na mkanda wako. Ukiweka uzito, inabana. Ukiutoa uzito, unaisogeza kwa mkono. Fundo la namna hii lililo maarufu zaidi linaitwa Prusik, kwa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Kinachokushika ni msuguano tu. Na msuguano unaleta joto.

Aina ya uzi

Ile manila ya plastiki ya madukani mara nyingi ni polipropilini. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi. Ukiteleza mita chache kwa kasi, joto lote linakaa sehemu moja ya kamba ndogo, nayo inalainika ukiwa bado hewani. Nailoni na poliesta zinavumilia hadi zaidi ya nyuzi 200. Aramidi haiyeyuki, inaungua ikifika karibu 500, ndiyo maana kamba nyingi za kazi hii zina ganda la aramidi.

Nailoni inavutika, na ikilowa inapungua nguvu kidogo. Kwa ukungu wetu, mimi nachagua poliesta au yenye aramidi. Katani ni zao la mkoa wetu wa Tanga na tunaiheshimu, ila kwa kazi hii hapana: inanyonya maji, inaoza ndani huku nje inaonekana nzima.

Muuzaji hajui ni uzi gani? Kata kipande kidogo, kitie kwenye ndoo ya maji yenye sabuni kidogo, kiminye hewa itoke. Kikielea, achana nayo. Polipropilini inaelea; nailoni na poliesta zinazama. Lakini kuzama peke yake hakutoshi. Bado unahitaji lebo ya mtengenezaji yenye unene na nguvu.

Unene na nguvu

Kamba ndogo iwe nyembamba kuliko kubwa. Ikilingana nayo au ikiwa ngumu kama waya, haikumbatii, inateleza. Ikiwa nyembamba mno, mfano milimita 5, inabana mpaka haifunguki, na nguvu yake ni ndogo. Kwa kamba kubwa ya milimita 12 au 13, tafuta ya 10. Kwa ya 11, tafuta ya 8 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwenye lebo utaona kN. Hesabu kN 1 kama uzito wa kilo 100. Kiwango cha Marekani kwa wakwea miti ni kN 24, yaani kama kilo 2,400, na kamba ndogo nayo inahesabiwa humo. Usishangae ukubwa wa namba. Fundo linapunguza nguvu ya kamba, jua linapunguza, na kuanguka ghafla kunaongeza mzigo mara nyingi kuliko kilo zako.

Jaribu chini kwanza

Kila siku ya kazi, funga fundo ukiwa chini na uning'inie futi mbili tu kutoka ardhini. Ruka-ruka. Lowesha kamba, rudia. Likiteleza, ongeza mzunguko mmoja. Likigoma kabisa kufunguka, kamba hiyo haifai hapo. Ukishuka, shuka polepole.

Kagua kwa vidole: sehemu inayong'aa na kukakamaa kama plastiki iliyoyeyuka, iliyopungua unene, au yenye nyuzi zilizokatika. Ukiona mojawapo, ikate vipande ili mwingine asiichukue. Usiihifadhi stoo pamoja na dawa za kunyunyizia, betri au chokaa. Na ukikata matawi, funga kamba ya pili kuzunguka shina, maana panga halichagui kati ya tawi na kamba.

Mwisho

Makala haya hayakufundishi kukwea. Tafuta aliyefundishwa, akusimamie uso kwa uso. Wakusanya mbegu za miti wa TFS hapa Lushoto ni wa kuwauliza, maana miti mirefu ndiyo kazi yao. Na ukiajiri kijana akwee shambani kwako, usalama wake ni jukumu lako. Kumwambia "we mwepesi, panda tu" siyo vifaa.

Kwa miparachichi mipya, panda ya kubebeshwa, ipogoe mapema isizidi mita 4 au 5, uvune kwa ngazi na fimbo yenye kikapu. Mti mfupi haudai kamba.