Kazi za wikendi Ogembo: ule ubishi wa "vijana wanachagua kazi" unaacha nini nje

Uzi. Kwa wageni: hapa tunachambua hoja zinazorushwa mikutanoni na redioni. Hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta.

Hoja ya leo mnaijua. Mgombea mmoja anapanda jukwaani, "Kazi ziko, shida vijana wanachagua." Anashuka, anapanda mwingine, "Hakuna kazi, ndiyo maana tunataka mabadiliko." Umati ule ule unapigia makofi wote wawili. Nimesikiliza mjadala huu Ogembo hadi najua nani atafuata kusema nini.

Ukisikiliza vizuri, wote wawili wanaongelea kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwanafunzi anayetafuta siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, na hajawahi kuajiriwa, hayumo katika hesabu ya yeyote. Na hao ni wengi. Wengine karo yao inategemea hizo siku mbili.

Naongea nikijua. Nasoma chuo mjini Kisii, kwetu ni upande wa Ogembo. Mwaka wa kwanza nilizunguka na bahasha nane: matokeo ya KCSE, barua ya chifu, CV ya ukurasa mmoja. Pale kwenye uzoefu niliandika "kiongozi wa bweni". Msicheke. Duka moja mwenyewe aliniuliza, "Ulifanya wapi kabla ya hapa?" Nikamwambia ndiyo naanza. Akanirudishia bahasha. "Basi anza kwingine, kisha urudi."

Hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyepiga simu.

Kazi nilipata kwa njia ambayo sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mdahalo wowote. Shangazi yangu anauza ndizi na maparachichi sokoni. Siku moja akaniambia, "Ule mzee wa hadwea, kijana wake wa kuuza ni Msabato. Jumamosi mzee anahangaika peke yake. Umeenda huko?" Sikuwa nimeenda.

Hapa wale wasio wa Gusii nisubirini kidogo. Wasabato ni wengi sana kwetu, tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanza mwanzoni mwa karne iliyopita. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, Msabato hafanyi kazi. Mwenye duka akiwa Msabato, anafunga. Lakini mwenye duka akiwa Mkatoliki na mfanyakazi wake Msabato, kuna pengo la siku nzima kila wiki, na ni siku ya wateja. Jumapili mambo yanageuka: Msabato amefungua, na ule msaidizi wake Mkatoliki yuko kanisani. Hizo ni nafasi halisi, zinajirudia wiki baada ya wiki, na hazibandikwi ukutani mahali popote. Kibali cha kuingia ni mtu kukujua.

(Na kabla mtu hajasema wafanyakazi waache kusumbua na mambo ya ibada: Katiba, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Tuendelee.)

Nilipofika kwa mzee hakuomba bahasha. "Wewe ni wa nani?" Nikataja baba, babu, na kijiji. Akanyamaza kidogo. "Babako namjua. Pima kilo mbili za misumari nione." Mahojiano yakaisha hapo.

Kwa hiyo yule wa "vijana wanachagua" ana nusu ya ukweli: kazi zipo. Asichosema ni kwamba zinapita kwenye mlango wa ukoo, kanisa na jirani. Mimi nilikuwa na shangazi sokoni. Mwanafunzi ambaye wazazi wake walihamia juzi, au jina la babake halifahamiki vizuri, anaweza kuzunguka na CV safi kuliko yangu na asipate kitu. Huyo hakuchagua kazi. Kazi ndiyo ilichagua.

Kazi nyingine za wikendi mnazijua. Kupakia na kupanga hema na viti vya mazishi na harusi. Kupiga picha. Kuchuna chai kwa mwenye shamba, unalipwa kwa kilo. Kuosha pikipiki, kusaidia saiba wakati wa maombi ya vyuo. Ya hema ndiyo rahisi kuingia, wanaangalia tu kama una mgongo.

Sasa malipo, na hapa ndipo natamani midahalo ingekaa angalau dakika kumi.

Mzee alinilipa 300 kwa siku, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Sikulalamika, kila mtu analipwa hivyo. Baadaye ndipo nikasoma agizo la serikali la kima cha chini. Lile lililoanza 1 Novemba 2024, lililoongeza asilimia 6, linagawa nchi kwa maeneo matatu. Kibarua wa kawaida kwenye majiji kama Nairobi na Mombasa: 16,113 kwa mwezi. Kwenye iliyokuwa miji ya manispaa, 14,866. "Maeneo mengine yote": 8,596.

Kisii mjini ilikuwa manispaa. Ogembo ilikuwa baraza la mji tu, kwa hiyo tukaangukia "maeneo mengine yote". Gawa kwa siku 26 za kazi: Kisii ni kama 571, Ogembo ni 330. Agizo lina kiwango chake cha kutwa, hii ni hesabu yangu ya haraka ya kuonyesha pengo. Misumari ni ile ile. Bei ya unga haijui kama uko manispaa au la.

Jibu ambalo watu hunipa ni, "Si uende ufanye Kisii?" Wengi wanaenda. Wale wanaolala nyumbani wanatoa nauli kama 200 kwenda na kurudi, na lile pengo limeisha barabarani. Wenye maduka wadogo nao wana hoja yao, na si ya kupuuzwa: duka la Ogembo haliuzi kama la Kisii, na ukimlazimisha mzee alipe 571, Jumamosi atakaa peke yake tu. Mimi naona kima cha Ogembo kiko chini mno. Lakini anayeahidi kukipandisha atuambie pia mzee wa hadwea atakitoa wapi.

Jambo ambalo halina gharama kwa mtu yeyote ni karatasi.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka: jina lako, jina lake, ulianza lini, uliacha lini, ulifanya kazi gani na wapi. Isipokuwa kama hukufanya wiki nne mfululizo. Sasa wewe wa Jumamosi, hata ukifanya Jumamosi hamsini, mwajiri atakwambia hujawahi kufikisha wiki nne mfululizo, kila Jumamosi ulikuwa kibarua mpya. Sheria hiyo hiyo inamtambua kibarua kama mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ndiyo maana unamaliza chuo ukiwa na miaka mitatu ya kazi mwilini na sufuri kwenye CV. Halafu tangazo linasema "uzoefu wa miaka miwili".

Kuna kifungu cha 37 kinachosema kibarua anayefanya kazi ambayo, siku zake zikijumlishwa, inafika miezi mitatu au zaidi, anahesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Mtu wa wikendi anaweza kujenga hoja hapo. Sijamwona mwanafunzi wa Ogembo akiijenga kwa sababu ya 300.

Na miradi ya vijana? Ule wa KYEOP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi ambao elimu yao haikupita kidato cha nne. Mwanafunzi wa chuo alikuwa nje. Kazi Mtaani ya 2020 ilielekezwa mitaa ya mabanda mijini. Sisemi ilikuwa mibaya. Nasema mtu akija Ogembo kujisifu kwa miradi ya vijana, muulize mwanafunzi wa siku mbili aliingilia wapi.

Wazazi wa watoto wa sekondari, hili ni lenu. Sheria inakataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Kubeba mawe ya mjengo si kazi nyepesi hata kama amejitolea mwenyewe.

Kwa wanaoanza kutafuta wikendi hii: usianze na bahasha. Uliza nani ni Msabato na nani si Msabato katika maduka unayoyajua, kisha nenda Alhamisi, siku ambayo mwenye duka ana nafasi ya kuongea. Mkubaliane malipo kabla ya kushika kitu. Kibarua analipwa jioni ile ile, ni sheria, kwa hiyo "njoo wiki ijayo" ikijirudia mara mbili, acha. Mimi niliwahi kungoja 900 za hema kwa miezi miwili, na sikuzipata. Ningejua, ningeenda ofisi ya leba Kisii.

Na ile karatasi iombe wewe, usingoje sheria. Mimi nilimwendea mzee mwezi wa nane: "Mzee, naomba uniandikie kwamba nimefanya kazi hapa." Akaniangalia kama nimeomba shamba. "Mimi si ofisi." Nikamwambia nitachapisha mwenyewe, yeye apige muhuri. Akasoma mara mbili, akakata neno "mhasibu", akaandika "msaidizi wa duka", akapiga muhuri.

Wanaouliza mwandike nini: jina lako na namba ya kitambulisho, jina la duka, "alifanya kazi Jumamosi kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani", kazi zenyewe kwa mstari mmoja, namba ya simu ya mwenye duka, sahihi. Saiba walinitoza shilingi 20.