Jinsi Ngugi alivyojiandaa kuandika riwaya akiwa Kamiti

Mwandishi chipukizi akiulizwa alianzia wapi kutunga riwaya yake, aghalabu hutaja sura ya kwanza. Ni nadra kumpata atajaye siku alizozitumia kuamua hadithi itasimuliwa na nani, kwa lugha gani na kwa ajili ya nani. Ilhali hapo ndipo miswada mingi hufia.

Katika fasihi ya Kenya, mfano ulio wazi ni wa Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Alikamatwa nyumbani kwake Limuru mwishoni mwa Desemba 1977, akazuiliwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti hadi Desemba 1978. Humo ndimo alimoandikia Caitaani Mutharaba-ini, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina Shetani Msalabani. Kisa cha karatasi za shashi alizoziandikia kimesimuliwa mno, hata kikaifunika kazi ya kufikiri iliyoandamana na uandishi huo, ambayo ina manufaa zaidi kwa mtunzi.

Ngugi alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya nne kwa Kiingereza, ya nne, Petals of Blood, ikitoka mwaka huo huo wa 1977. Lakini alipoazimia kutunga kwa Kikuyu, alijikuta mwanagenzi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa tahajia. Maandishi ya Kikuyu yalivyozoeleka hayakutofautisha vyema irabu ndefu na fupi, wala hayakuonyesha toni. Neno lililo bayana likitamkwa liliweza kumbabaisha asomaye, na ilimlazimu mwandishi kutafuta namna yake ya kuandika.

Kisha likaja suala la hadhira. Petals of Blood huruka huku na huko katika wakati, na msomaji asiyezoea riwaya hupotea njiani. Sasa Ngugi aliwalenga wakulima na wafanyakazi, watu wa aina ya wale walioigiza Ngaahika Ndeenda huko Kamirithu. Akaamua msuko uwe mwepesi na hadithi iwe na nguvu ya kumfanya mtu aulize, "Kisha ikawaje?" kama aulizavyo msikilizaji wa ngano. Usimulizi akamkabidhi mghani wa gicaandi. Wahusika wake akawapakia katika matatu iendayo Ilmorog, uteuzi wa busara kubwa, kwani ni wapi pengine nchini ambapo watu wasiojuana hubanana na kuanza kubishana?

Kuhusu kiini cha hadithi, alichota kutoka pande mbili. Alikijua kisa cha Faust, mtu aliyemuuzia shetani roho yake, ambacho Marlowe na Goethe walikitungia tamthilia. Aidha, alizijua ngano za Wakikuyu kuhusu mazimwi yalayo watu. Tatizo lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana: mtunzi atamshtua vipi msomaji kwa habari za wanaoiuza nchi yao kwa wageni, ikiwa wahusika wenyewe hujigamba hadharani? Jibu lake lilikuwa kuwaacha wajigambe. Ndipo yakazaliwa mashindano ya wezi na wanyang'anyi ndani ya pango, kila mmoja akipanda jukwaani kueleza umahiri wake wa kuiba.

Mswada ulipokaribia kukamilika, askari jela waliupata wakati wa msako na kuuchukua. Ulirejeshwa baada ya majuma kadhaa, pigo ambalo kila aliyewahi kupoteza hata kurasa 10 ataliwazia kwa hofu.

Kitabu kilichapishwa mwaka 1980. Kilisomwa kwa sauti majumbani, katika matatu na katika baa, mmoja akishika kitabu na wengine wakimsikiliza.