Zimwi Liko Njia Gani? Uhuru wa Mchezaji na Mitindo ya Msimamizi katika Michezo ya Uhusika

Katika somo la fasihi simulizi tumefundishwa kwamba hadhira si gogo. Inaitikia, inacheka, inapiga makofi, hata inamkosoa fanani akiteleza. Sawa. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: ni lini hadhira ya ngano iliwahi kumzuia Sungura asiingie shambani? Fanani akishaamua karanga zitaibwa, zimekwisha hizo. Ushiriki wetu ni wa kupamba, si wa kuamua. Makala haya yanaangalia utanzu ambao hadhira huambiwa iamue, yaani michezo ya uhusika ichezwayo mezani, na jinsi uamuzi huo unavyoweza kuwa wa kweli au wa kiini macho kutegemea mtindo wa msimamizi.

Kwa wasioufahamu mchezo huu: watu wanne watano hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, ambaye nguvu zake, akili zake na mali yake vimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao ni msimamizi. Huyu ndiye mandhari, ndiye adui, ndiye mwenye duka, ndiye mvua. Anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mnafanyaje?" Halafu ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoutenga utanzu huu na ngano. Wachezaji wanajibu, na jambo likiwa na mashaka dadu hurushwa. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, wa Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974.

Hata hivyo, kisa chenye mafunzo zaidi ni cha mwaka 1969, kule Minnesota. David Wesely alikuwa akiandaa michezo ya vita vya zama za Napoleon kwa ajili ya wenzake, Arneson akiwa mmoja wao. Safari hii akabuni mji wa Kijerumani, Braunstein, na badala ya kuwapa wote majeshi akawapa baadhi yao nafasi za raia: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Nia yake ilikuwa vita vifuate baadaye. Wapi! Wachezaji wakaanza kunong'onezana, wakatoka vyumba vya pembeni kupanga njama, na wawili wakamjia kumwambia kwamba wameitana kupigana wao kwa wao. Wesely hakuwa na kanuni ya jambo kama hilo, akaitunga palepale. Mwisho wa siku aliona mchezo wake umeharibika. Wenzake ndio waliomwomba aandae mwingine. Kwa maoni yangu, utanzu huu ulizaliwa pale mtungaji alipoporwa usukani na asiunyang'anye tena.

Ama kuhusu mitindo, ugomvi wake ni wa zamani kuliko mchezo wenyewe. Maofisa wa Prusia walikuwa na mchezo wa vita wa Reisswitz, uliotolewa mwaka 1824, ambamo refa alifuata majedwali na dadu. Mwaka 1876 Verdy du Vernois akapendekeza majedwali yawekwe kando na refa aamue kwa uzoefu wake. Msimamizi wa sheria na msimamizi wa busara tunao mpaka leo, na wote wawili wanaweza kumwachia mchezaji njia yake.

Anayenitia shaka ni wa tatu, yule aliyekwisha kuandika hadithi kabla watu hawajakaa. Wachezaji huuita mtindo huo reli, maana treni haikati kona. Mfano unaotajwa sana ni vitabu vya Dragonlance vilivyoanza kutoka mwaka 1984. Humo msimamizi alielekezwa kwamba mhusika muhimu akifa, kifo kiwe cha kutatanisha, maiti isionekane, ili aweze kurudi mbele ya safari. Kwa lugha ya vibanda vya video, steringi hafi! Tusivibeze: vilipendwa na watu wengi, na hadithi yake ni tamu. Tena reli ina uungwana fulani, kwa kuwa abiria anaiona.

Kiini macho ndicho kibaya, na hapa najishtaki mwenyewe. Muhula uliopita nilikuwa msimamizi bwenini. Niliandaa zimwi. Wachezaji wakafika njia panda, msituni au mtoni, wakabishana nusu saa. Walimhoji bibi kizee, wakachunguza nyayo, wakachagua mtoni. Nikalihamishia zimwi mtoni. Usiku ukaisha kwa vicheko, kila mtu karidhika. Kesho yake dada mmoja akafunua daftari langu akasoma: "Zimwi: popote watakapopita." Akaniuliza, "Kwa hiyo ile nusu saa tulikuwa tunabishana bure?" Sikuwa na jibu.

Wahakiki wenzangu watasema riwaya zote ziko hivyo na hakuna msomaji anayelalamika. Kweli, lakini msomaji wa riwaya hajaulizwa "mnafanyaje?". Kama wangechagua njia kwa kubahatisha tu, nisingewadhulumu kitu kikubwa. Kosa langu ni kwamba walikuwa na sababu. Walitafuta habari, wakaipima, na mimi nikaifanya habari ile kuwa uongo baada ya wao kuiamini.

Si kwamba dawa ni kukaa bila maandalizi. Nimewahi kuketi meza ambayo msimamizi aliacha kila kitu wazi; tukapiga miayo mpaka saa sita. Apocalypse World ya D. Vincent Baker, iliyotoka mwaka 2010, inaonyesha njia nyingine: msimamizi anaandaa watu, shida zao na hatari zinazowanyemelea, lakini mwisho hauandai, anausubiri pamoja na wengine. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika hadithi. Inabidi ukubali zimwi ulilolichora kwa siku tatu lisionekane kabisa.

Wiki iliyofuata yule dada alichukua kiti changu. Njia panda tena. Tuliuliza, tukapima, tukapita msituni. Zimwi halikutokea. Mchezo ulipokwisha alituonyesha daftari: lilikuwa mtoni, limechorwa kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyelikuta.