Ni Kweli au Si Kweli?

Watu wengi katika miji yetu ya pwani hudhani kwamba mtu akishatiwa mbaroni ndiyo amekwisha kushtakiwa, na jirani zake huanza kumwita mwizi hata kabla ya jua kuchwa. Walakini katika sheria ya Kenya kukamatwa na kushtakiwa ni mambo mawili mbalimbali, na aliyekamatwa yapasa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita.

Aghalabu jambo huanza kwa mlalamishi kwenda kituoni, ambako askari wa zamu huandika habari zake katika daftari la matukio, lile ambalo kila mtu huliita OB, akampa nambari. Namsihi msomaji asiondoke bila ya nambari hiyo, kwani daftari hilo humhifadhi pia mtuhumiwa, ambaye saa ya kuingizwa kwake korokoroni nayo yapasa iandikwe humo. Na asiyeandikwa, jamaa zake waweza kuzunguka kituo hadi kituo, chakula mkononi, wasimwone.

Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 yaamuru mtuhumiwa aarifiwe upesi, kwa lugha aifahamuyo, sababu ya kukamatwa kwake, na yampa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Lakini zile saa 24 zikiisha wakati mahakama imefungwa, hungojewa siku ya mahakama ifuatayo, hata aliyekamatwa Ijumaa jioni aweza kulala seli siku tatu, asimwone hakimu mpaka Jumatatu, wala sheria isiwe imevunjwa. Hapo kale palikuwa pazito zaidi, maana mwenye tuhuma ya kosa la kunyongwa aliweza kuzuiliwa siku 14, na dhamana hana. Leo hata wa mauaji aweza kuiomba, asinyimwe ila kwa sababu nzito.

Ama kushtakiwa kwenyewe, polisi hupeleleza tu, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye mwenye kauli juu ya kushtaki.

Hatimaye mtu husimama kizimbani, akasomewa shtaka, akaulizwa: ni kweli au si kweli? Maneno hayo mepesi yana uzito wa miaka. Maskini asiye na wakili, aliyekesha seli, huweza kujibu kweli kwa kudhani kwamba akikubali ataachiwa aende zake. Kwa ajili hiyo, tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, hakimu hana ruhusa ya kukomea kwenye neno hilo: sharti mshtakiwa asomewe pia maelezo ya tukio lenyewe, naye apewe nafasi ya kuyajibu, na akisema, “Baiskeli niliichukua, lakini mwenyewe ndiye aliyeniazima,” basi ile kweli yake hubadilishwa, ikaandikwa si kweli, na mwenye baiskeli akaitwa aje kutoa ushahidi.